Nilinunua vyeti 69 vya umeme wa kijani, saba bado vimelala kwa dalali

Nianze na nyota ninazompa dalali aliyeniuzia, kwa wale wanaosoma nyota tu: tatu kati ya tano. Kuna wiki zilishuka mpaka moja, na sababu nitaieleza.

Mimi ni mhasibu katika kiwanda kidogo cha uchapaji. Tuna mashine mbili kubwa za kuchapa, moja ya kukatia karatasi, kompyuta sita, na viyoyozi viwili ambavyo kila jioni hukutwa vinaunguruma na hakuna anayekiri kuviacha. Mwaka jana mteja wetu mkubwa alileta fomu ya wazabuni yenye swali ambalo halikuwapo miaka ya nyuma: umeme mnaotumia, asilimia ngapi inatokana na nishati jadidifu? Bosi aliisoma akiwa amesimama mlangoni kwangu. "Tafuta namna ya halali ya kuandika mia," akasema, akaenda zake. Hilo neno "halali" nililishukuru, maana si kila mara hulitia.

Paneli hatuwezi kufunga. Jengo tumepanga na paa si letu. Anayetuuzia umeme hana mpango wowote wa kijani. Ikabaki njia ya vyeti, nikaangukia kwa dalali mmoja wa mtandaoni. Jina lake silitaji. Wahasibu wenzangu waliopitia kwa madalali wengine wamenisimulia mambo yaleyale, kwa hiyo mkisoma hapa mfikirie huduma, msimfikirie mtu.

Kwa asiyeijua bidhaa yenyewe: mtambo wa maji, upepo au jua ukizalisha megawati-saa moja, yaani yuniti elfu moja za kwenye mita yako, unakuwa na vitu viwili vya kuuza. Cha kwanza ni umeme, ambao ukishaingia kwenye gridi unachanganyika na wa makaa na wa gesi na hakuna awezaye kuutenga tena. Cha pili ni cheti kinachosema kwamba yuniti elfu moja zile zilizalishwa kwa njia safi. Cheti kinaandikwa kwenye rejista kwa namba yake, na kinaweza kuuzwa peke yake kwa mtu aliye mbali kabisa na mtambo. Anayekinunua na kukifuta ndiye mwenye haki ya kusema "mimi nimetumia umeme safi". Aliyekiuza hana tena haki hiyo, hata kama mtambo uko uani kwake.

Neno la kushika hapo ni kufuta, yaani rejista kuandika kwamba cheti kimeshatumiwa na fulani na hakiuziki tena. Wenzangu wa hesabu watanielewa haraka: cheki ikishalipwa, benki huigonga muhuri, na ukiirudisha kaunta kesho utachekwa. Cheti ambacho hakijafutwa ni cheki isiyogongwa muhuri. Kinaweza kuuzwa leo kwangu, kesho kwako, na sote wawili tukabandika bango la kujisifu. Mtu yeyote aliyewahi kuuziwa kiwanja kimoja na wenzake watatu anaijua hadithi hii inavyokwisha.

Sasa huduma. Kujisajili kulikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Unajaza jumla ya yuniti, mwaka, nchi, na aina ya mtambo unaotaka. Bei inatokea palepale, haijifichi nyuma ya "wasiliana nasi". Hapo nampa dalali sifa yake yote. Nilikusanya ankara kumi na mbili za umeme, nikapiga jumla: yuniti 58,940. Cheti hakikatwi vipande, kwa hiyo unapandisha mpaka namba nzima inayofuata, vyeti 59.

Orodha ilikuwa na vya bei mbalimbali. Vya chini kabisa vilitoka nchi ambayo gridi yake haina hata waya mmoja unaotufikia, na umeme wake ulizalishwa miaka mitatu nyuma. Nilivipita. Mwongozo wa mwaka 2015 wa GHG Protocol, zile kanuni za kimataifa za kuhesabu hewa ukaa, ambao ndio wakaguzi wengi hushika, unataka cheti kitoke kwenye soko lilelile unalotumia umeme, na muda wa uzalishaji uwe karibu na muda wa matumizi. Tovuti ya dalali haikusema neno hata moja juu ya hilo. Asiyejua angebofya cha bei rahisi, akalipa, akaja kukataliwa na mkaguzi. Mimi nilichukua vinavyofuata kwa bei, vya mtambo wa maji wa humu humu kwenye soko letu, uzalishaji wa mwaka uleule.

Siku mbili baada ya kulipa, barua pepe ikaingia na kiambatisho. Nikakifungua. Jamani, kilikuwa kizuri! Karatasi ya krimu yenye nakshi za majani pembeni, jina la kampuni yetu kwa herufi za dhahabu, "kwa mchango wenu adhimu kwa sayari", na sahihi ya mtu mwenye cheo kirefu. Bosi alitaka kiwekwe kwenye fremu siku hiyohiyo. Nikakisoma mara ya pili nikitafuta namba. Hakuna. Jina la mtambo, hakuna. Rejista gani, hakuna. Kilikuwa kazi nzuri ya uchapaji, nami natoka kwenye uchapaji, kwa hiyo najua gharama ya kutengeneza kitu kama kile: haifiki ya kikombe cha chai.

Nikaandika kuuliza: je, vyeti vyetu 59 vimefutwa kwa jina letu? Jibu likaja: "Vyeti vyenu viko salama kwenye akaunti yetu." Nikauliza tena. "Kama mlivyoelezwa, viko salama." Hii ndiyo wiki ya nyota moja. Viko salama kwenye akaunti yake maana yake ni kwamba yeye ndiye mwenyewe. Nilikuwa nimelipia mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe lilikuwa bado mgongoni kwa muuzaji.

Mara ya tatu sikuuliza. Niliandika kwamba naomba taarifa ya kufutwa inayotoka kwenye rejista yenyewe, si kwa dalali, na kwamba mkaguzi wetu anaihitaji ndani ya siku saba. Ikaja siku ya nne. Safari hii hakuna majani wala dhahabu, ukurasa mmoja wenye sura ya hati ya benki. Juu, jina letu kama mnufaika na anwani. Chini yake, kipindi cha matumizi, Januari hadi Desemba. Kisha jedwali: jina la mtambo, teknolojia, tarehe mtambo ulipoanza kazi, kipindi cha uzalishaji, namba ya kwanza ya cheti na namba ya mwisho, jumla 59. Pembeni msimbo wa QR. Niliuelekezea simu, ukurasa wa rejista ukafunguka na taarifa zilezile, namba kwa namba. Hiyo ndiyo bidhaa niliyokuwa nimeinunua. Nikaichapa kwenye karatasi ya kawaida, nikaitia kwenye faili. Ile ya nakshi bosi aliiweka kwenye fremu hata hivyo.

Ilipofika Machi, kampuni ya umeme ikatuletea marekebisho. Ankara ya mwezi wa saba ilikuwa makisio, msoma mita hakufika. Tofauti ni yuniti 2,540. Jumla mpya 61,480, na mimi nina vyeti 59. Upungufu ni vitatu. Nikarudi kwa dalali kununua vitatu. Hauzi vitatu, kima cha chini ni kumi. Nikalalamika, nikaambiwa ada ya kufuta ni ileile ukifuta kimoja au elfu tatu, kwa hiyo idadi ndogo haimlipi. Kweli, ada ile ilizidi bei ya vyeti vyenyewe. Kwa kiwanda cha chuma hiyo ada ni vumbi. Kwa mchapaji mdogo ni pigo, na nashauri wadogo wenzangu waungane wawili watatu na kuagiza pamoja, kila mmoja akafutiwa kwa jina lake.

Kwa kuwa nilikuwa nalazimishwa kumi, nikaamua walau nichague vizuri. Ile safu ya "tarehe mtambo ulipoanza kazi" ilikuwa imenikaa kichwani. Mtambo wetu wa maji ulianza kabla sijazaliwa. Lile bwawa limeshalipiwa mkopo wake wote, na pesa yetu isingeongeza hata boliti moja. Mtambo ungezalisha hata tusingenunua. Safari hii nikatafuta mtambo wa jua ulioanza juzijuzi, ambao bado uko kwenye miaka ya kulipa deni. Bei ilikuwa mara nne ya ile ya maji. Nikanunua kumi, nikafuta vitatu.

Hapa ndipo pana ubishi wangu mkubwa na maelezo ya dalali. Ukurasa wake wa mbele unasema kila cheti "kinajenga mitambo mipya". Maneno hayo yanaiba heshima ya jambo jingine lenye jina hilohilo. Kuna vyeti vya lazima na kuna vyeti vya hiari. Uingereza ilianzisha vya lazima mwaka 2002: kila muuzaji wa umeme alitakiwa kuwasilisha vyeti kwa sehemu fulani ya umeme aliouza, sehemu iliyokuwa ikipanda mwaka hadi mwaka. Aliyepungukiwa alilipa faini kwenye mfuko, na pesa ya mfuko ikagawiwa kwa wale waliowasilisha. Yaani mzembe anamlipa mwenye bidii. Mfumo huo ulifunga mlango kwa mitambo mipya mwaka 2017, lakini ulikuwa na meno. Mwekezaji wa upepo aliweza kwenda benki na kusema, "mauzo yangu ya vyeti yapo kwa mujibu wa sheria." Vyangu mimi vya hiari, hakuna benki inayomkopesha mtu kwa sababu mhasibu wa kiwanda cha uchapaji amejazishwa fomu.

Na hata vya lazima, si kwamba vina baraka ya kudumu. Sweden ilianza vyake mwaka 2003, Norway ikaungana nayo mwaka 2012 wakawa na soko moja. Mitambo ya upepo ikajengwa kwa kasi iliyopita lengo lililowekwa, vyeti vikajaa, bei ikaporomoka mpaka karibu na bure. Lengo la umeme lilitimia mapema, huku waliowekeza wakitegemea bei ya cheti wakibaki wameshika karatasi. Australia nayo mwaka 2009 iliamua kumpa mwenye paneli ndogo za paani vyeti mara tano ya umeme ambao zingezalisha. Nia ilikuwa kumchangamsha mwananchi. Matokeo yake kila cheti kimoja cha kweli kilikuwa na vinne visivyo na umeme nyuma yake, vyeti hewa kama tunavyosema wafanyakazi hewa. Soko likafurika, na kuanzia mwaka 2011 ikabidi vyeti vya paani na vya mitambo mikubwa vitenganishwe.

Kisa kilichonikosesha usingizi zaidi ni cha Iceland. Karibu umeme wao wote unatokana na maji na joto la ardhini. Wakauza vyeti kwa wanunuzi wa Ulaya bara, jambo ambalo ni halali. Lakini kwa hesabu za makaratasi, aliyeuza usafi lazima apokee kitu kingine mahali pake, kwa hiyo taarifa za umeme wa kisiwa kile zikaonyesha makaa na nyuklia, ilhali hawana mtambo wa nyuklia. Shida ikaja pale viwanda vikubwa vya kisiwani vilipoonekana vinaendelea kujinadi kwa umeme safi uleule ambao vyeti vyake vimeshauzwa nje. Mwaka 2023 umoja wa taasisi za Ulaya zinazotoa vyeti ukasimamisha kwa muda usafirishaji kutoka huko. Niliposoma hayo nilirudi kwenye faili langu nikauskani ule msimbo wa QR tena, saa tano usiku, kama mtu anayerudi kuhakikisha amefunga mlango.

Tukirudi kiwandani. Bosi aliposikia kuna vyeti vya jua akaniita. Alikuwa ameshaandaa bango la mlangoni: "HAPA TUNACHAPA KWA JUA." Nikamwambia, bosi, jua ni vyeti vitatu kati ya 62, ni kama asilimia tano. "Lakini ni jua," akasema. Tulibishana nusu saa, na muda wote huo jenereta lilikuwa linanguruma nje kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, moshi unapita dirishani mbele ya bango. Vyeti havigusi dizeli ya jenereta hata kidogo. Ile inaandikwa sehemu yake, kwa lita, na haina msamaha. Mwisho tukakubaliana maneno haya: "Kwa kila yuniti ya umeme wa gridi tuliyotumia mwaka jana, tumenunua na kufuta cheti cha nishati jadidifu." Bosi anasema hayavutii. Ni kweli hayavutii.

Fundi wetu mkuu wa mashine, mzee aliyenifundisha kusoma mita nilipoanza kazi, alilisoma bango akakunja uso. "Mwanangu, zamu ya usiku tunachapa saa nane. Hilo jua la saa nane unalitoa wapi?" Nikamwambia, mzee wangu, hesabu ni ya mwaka mzima, mchana wa mtu mmoja unafidia usiku wa mwingine. Akanitazama vile anavyoitazama mashine inayotoa mlio asioujua. Na hakuwa peke yake. Google ilitangaza mwaka 2020 kwamba inataka kufikia 2030 umeme wake ulingane na umeme usio na kaboni saa kwa saa, palepale gridi ilipo, na wapo wanaotengeneza vyeti vyenye alama ya saa. Dalali wangu hana. Nilimuuliza, akaniambia "tutalifikisha kwa wahusika".

Kwenye fomu ya mteja niliandika namba mbili za hewa ukaa, kama mwongozo unavyotaka. Ya kwanza inahesabu kwa wastani wa gridi mahali tulipo: haikushuka hata gramu moja kwa sababu ya vyeti. Ya pili inahesabu kwa mikataba na vyeti: sifuri. Nikaziweka jirani, safu kwa safu. Aliyeipokea fomu kwa mteja alinipigia kuuliza kama nimekosea kuandika. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akasema wazabuni wengine wote wameleta sifuri peke yake.

Kwa hiyo nyota ya kwanza ni ya bei iliyo wazi. Ya pili ni ya taarifa ya kufutwa, ambayo ilipokuja ilikuwa kamili na inathibitika kwa simu ya mtu yeyote. Ya tatu nampa kwa sababu ndani ya orodha yake vimo vyeti vya mitambo mipya kwa anayejua kutafuta, na tarehe ya kuanza kazi haijafichwa. Mbili nimezizuia: moja kwa ile karatasi ya nakshi kutumwa kama ndiyo mali, nyingine kwa maelezo ya "kinajenga mitambo mipya" kubandikwa juu ya bwawa lenye umri wa babu. Anayetaka kununua, asilipe kabla hajapewa kwa maandishi tarehe ambayo vyeti vitafutwa kwa jina lake.

Vimebaki vile saba vya jua. Dalali anasema nivitumie kwa umeme wa mwaka huu, mkaguzi anasema uzalishaji ni wa mwaka jana na hatavipokea. Nimemwomba dalali avinunue tena, akataja robo ya bei aliyoniuzia. Nikaomba basi vifutwe kwa jina la karakana ya useremala tunayopakana nayo, ambao mwaka jana walitumia umeme na hawakununua chochote, na wenyewe wamekubali kwa maandishi. Jibu la mwisho nililopata ni la wiki tatu zilizopita: "Viko salama kwenye akaunti yetu."